Mwaka Tulioshona Puto

Kabla jeneza la Mama Beda halijapakiwa kwenye gari la kwenda Kibosho, msemaji wa familia alitangaza kwamba mtu aliyefanya naye kazi zamani atasema machache. Nikajikuta nimesimama chini ya turubai kule Moshono, kipaza sauti mkononi, mbele ya wanakwaya wa parokia yake, majirani, na wateja wa kile kibanda chake cha kushonea magauni ya harusi. Nilisema alikuwa mchapakazi, mkali kidogo, mwenye huruma. Nilisema alinifundisha kazi. Nikakaa. Wakati wa chakula mjukuu wake mmoja, binti wa chuo, alikuja na sahani yake akaketi karibu nami, akaniamkia, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini, "Aunti, hivi ni kweli bibi aliwahi kupaa kwenye baluni? Baba anasema ni kweli, lakini bibi mwenyewe kila nikimuuliza alikuwa anacheka tu." Nikamjibu ni kweli, tulipaa pamoja. Akasubiri niendelee, lakini gari lilikuwa limeshawashwa na watu wameanza kuitana kwa majina, nami sikuwa na namna ya kumweleza mwaka mzima kwa muda ule. Haya ndiyo ningemwambia kama tungepata mchana mzima na chai ya kutosha.

Nilikuwa na miaka ishirini na kitu, nashona sare za shule kwenye baraza ya duka moja sokoni Kwa Mrombo. Siku moja mama mmoja mnene, kitenge kimefungwa vizuri kiunoni, alikuja kununua uzi akasimama nyuma ya cherehani yangu asiondoke. Nikamwamkia. Akaitikia marahaba bila kuniangalia, macho yako kwenye sketi niliyokuwa nashona, na kichwa amekirudisha nyuma kama mtu anayekwepa moshi. Siku hiyo nilidhani ni maringo. "Hilo pindo umelinyoosha kwa rula au kwa jicho?" akauliza. Nikamwambia kwa jicho. Akaomba alishike, akalipitisha katikati ya vidole vyake taratibu kutoka mwanzo hadi mwisho. "Kesho usije hapa," akasema. "Twende wote Kisongo, kuna kazi." Nilimuuliza kazi gani. "Kushona," akajibu. "Ila nguo yenyewe ni kubwa kuliko kanisa."

Hakuwa anatania. Karakana ilikuwa banda refu la bati, si mbali na uwanja mdogo wa ndege, na ndani yake kulikuwa na sakafu ya mbao iliyosuguliwa mpaka inang'aa. Viatu viliachwa mlangoni. Cherehani zilikuwa zimezamishwa mezani ili kitambaa kiteleze bila kukwama, na juu ya meza, chini ya meza, na mpaka ukutani, kulikuwa na kitambaa: chekundu, cha njano, cha bluu ya bahari, chepesi kama karatasi ya kufungia pipi lakini ukikivuta hakichaniki. Maputo yaliletwa kwetu kutoka mbugani yakiwa yamekunjwa kwenye magunia makubwa, yakinuka nyasi na gesi. Tulitoa miiba ya migunga, tukatoa magugu, wakati mwingine na kinyesi kikavu cha nyumbu. Kisha tulitafuta palipotoboka. Chini kabisa, kwenye mdomo wa puto, kitambaa ni cha aina nyingine, kizito, kisichoshika moto kirahisi, kwa kuwa hapo ndipo miali inapopita. Hata hivyo rubani akikosea kidogo tu, kinaungua. Juu kabisa kuna tundu kubwa la duara, limezibwa kwa kitambaa kinachokaa kama kifuniko cha sufuria. Rubani akivuta kamba, kifuniko kinashuka, hewa ya moto inatoka, puto linashuka. Akiachia, hewa yenyewe inakisukuma kifuniko kirudi mahali pake. Mshono wa sehemu hiyo ulikuwa wa Mama Beda peke yake. Kwa miaka mingi hakuna mwingine aliyeruhusiwa kuugusa.

Mkubwa wetu alikuwa Kapteni Lemburis, Mwarusha mrefu mwembamba aliyeongea taratibu kiasi kwamba ilibidi uache unachofanya ili umsikie. Ndiye aliyekagua kazi zetu na ndiye aliyerusha kila puto lililotengenezwa kabla halijarudi mbugani kubeba wageni. Tukimaliza kushona, alileta feni kubwa, tukalitandaza puto uwanjani, feni ikalijaza upepo wa kawaida mpaka likalala chini limevimba kama kilima. Kisha aliingia ndani, nasi nyuma yake, peku. Sijawahi kuona tena chumba cha namna ile. Jua la asubuhi lilipenya kitambaani, na nyuso zetu, mikono, meno, vyote viligeuka rangi. Mama Beda alikuwa mwekundu kama nyanya, na mimi, aliniambia, nilikuwa kijani. Tulitembea polepole tukiangalia juu, kwa sababu mahali palipotoboka, hata kama tundu ni dogo kuliko punje ya mtama, mwanga mweupe huchoma kama nyota. "Nyota pale," alikuwa akisema Mama Beda, akionyesha juu kabisa, mbali. Mimi nilikodoa macho sioni kitu. Nilifikiri ni uzoefu ndio unaonipungukia.

Mwanawe Beda alikuwa amekwenda shule ya bweni Moshi, na kitanda chake kilikuwa kitupu, kwa hiyo baada ya muda mfupi nilihamia chumbani kwa Mama Beda, palepale Kwa Mrombo. Kilikuwa chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande mmoja vitanda, upande mwingine meza, kabati la vyombo, picha ya Bikira Maria, na kalenda ya kanisa langu la Kilutheri ambayo aliniruhusu kuitundika mradi isiwe juu ya picha yake. Ukuta ulikuwa mwembamba. Kila jioni tulimsikia jirani yetu fundi baiskeli akimsimulia mkewe siku nzima ilivyokwenda, na mkewe akisema "ehee" kila anapovuta pumzi, nasi tulikula kimya ili tusipitwe. Mama Beda alipika mtori siku za Jumapili na makande siku za kazi. Mimi nilipika wali, naye aliusifia. Yeye alipopika wali, ulikuwa na mawe. Mwanzoni jiwe moja moja, kisha yakazidi. Nilikuwa nayatema kimyakimya kwenye kiganja. "Mchele wa siku hizi una mawe sana," alisema siku moja alipolitafuna la kwake. Kuanzia hapo kuchagua mchele ikawa kazi yangu, na hakuna aliyesema kwa nini.

Ni kwenye jiko letu la mkaa ndipo nilipoelewa puto linavyopaa. Nilikuwa nimeshashona miezi na sikujua, na niliona aibu kumuuliza Kapteni. Mama Beda alichukua mfuko wa plastiki, wa ile myembamba ambayo siku hizi imepigwa marufuku, akaushika mdomo wazi juu ya makaa, mbali kidogo usiungue. Mfuko ukajaa, ukatetemeka, akauachia. Ukapanda mpaka darini, ukagota kwenye bati, ukakaa pale kidogo, kisha ukalegea na kuanguka juu ya kabati. "Hewa ikipata moto inajitanua," alisema. "Nyingine inakosa nafasi inatoka nje kwa chini. Iliyobaki ndani ni kidogo, nyepesi. Ya nje ni nzito, ni ya baridi, inajipenyeza chini na kuinyanyua. Basi. Na ikipoa, kwisha habari, unarudi kabatini." Nikamuuliza rubani anakata kona vipi. "Hakati," akasema. "Hakuna usukani. Upepo wa chini unakwenda huku, wa juu kidogo unakwenda kule, wa juu zaidi kwingine. Yeye anachagua tu apande ghorofa gani." Nikamuuliza kukoje huko juu. Hapo akainuka kuosha vyombo. Hakuwahi kupanda.

Hilo lilikuwa jambo la ajabu, kwa kuwa Kapteni Lemburis alikuwa na desturi yake: aliyeshona anapanda. Puto likitoka kwenye matengenezo, safari ya kwanza ya majaribio inabeba fundi wake. Alisema humfanya fundi ashone kama anavyomfungia mwanawe mgongoni. Mafundi wote walikuwa wamepanda isipokuwa Mama Beda, ambaye kila zamu yake ilipofika alikuwa na presha, au misa, au mgeni kutoka Kibosho. Walimtania kwamba anaogopa. Naye aliwaacha waamini hivyo.

Sasa mimi ni mkubwa kuliko alivyokuwa yeye mwaka ule, na naelewa jinsi mtu anavyoweza kuificha hofu moja nyuma ya nyingine iliyo nafuu zaidi. Wakati ule niliona vipande tu. Aliniomba nimtungie uzi kwenye sindano, kwanza kwa mzaha, "wewe una macho ya kitoto," kisha kila asubuhi, sindano nyingi kwa pamoja zikachomekwa kwenye mto mdogo ili zimfikishe jioni. Kwenye misale yake alisoma kwa kuunyoosha mkono wote, na baadaye alikariri tu na kufungua kurasa kwa heshima. Aliposhona, vidole vyake vilitangulia mbele ya sindano vikipapasa pindo, na kazi ilikuwa safi, kwa hiyo sikuwaza zaidi. Mpaka lilipoletwa puto moja la rangi ya machungwa, lililochanika kwa juu baada ya kuburutwa kwenye miti. Mama Beda alishughulika nalo wiki kadhaa. Mchana mmoja, yeye akiwa nje anakula, nilikuwa nakunja kitambaa nikaona mshono wa kifuniko umetoka nje ya pindo. Kwa urefu wa shubiri, uzi ulipita hewani, umeshika upande mmoja tu, ule mwingine umeachwa. Ukiutazama kwa haraka ulikuwa mshono mzuri kabisa, umenyooka. Ila haukushika kitu.

Nilitazama mlangoni, kisha nikaketi chini na puto mapajani, na kupitia ukuta wa mbao niliweza kumsikia Kapteni akiongea na mtu kwenye simu ya ofisini. "Hapana," alikuwa akisema. "Kwa fundi wangu sina wasiwasi. Mshono wa Mama Beda siukagui, naugusa tu." Akacheka. Nakumbuka kucheka kwake kuliko maneno. Wageni ambao sikuwajua wangepanda chini ya kitambaa kile, na wangeambiwa kwamba kila kitu kimekaguliwa.

Jioni ile sikumsubiri amalize kula. Nilisema, "Mama Beda, nimeona mshono wa kifuniko." Akaweka kijiko chini. Upande wa pili wa ukuta fundi baiskeli alikuwa anasimulia habari za mteja aliyebishana naye kuhusu breki.

"Umeuonaje?"

"Umetoka nje ya pindo. Mama, wewe huoni."

Nilidhani atafoka. Badala yake alivuta pazia kana kwamba kuna watu chumbani, akaketi kitandani. "Mama yangu alianza hivihivi," akasema. "Kwanza sindano. Halafu mchele. Halafu akawa anamwaga chai pembeni ya kikombe. Sasa yuko Kibosho, anakaa mlangoni anauliza nani anapita. Anande, mimi nina mtoto shuleni, na kazi ni hiyo moja. Nikienda hospitali wataniambia ninachokijua."

"Lakini watu wanapanda," nikasema.

"Najua watu wanapanda!" Sauti ilimtoka kwa nguvu mpaka kwa jirani kukawa kimya. Alijifuta uso kwa ncha ya kitenge. "Najua. Kwa nini unadhani mimi sipandi?"

Nilimwambia kwamba asipomwambia Kapteni, nitamwambia mimi. Ilikuwa vigumu kuyatoa maneno hayo mbele ya mtu aliyenitoa barazani, na niliyasema nikiwa nimeinamisha kichwa. Alilirudisha pazia mahali pake. Kisha akasema tufumue kifuniko chote tukishone upya, mimi nishone na yeye apapase, halafu nipitie kila mshono alioweka kwenye puto lile kwa macho yangu mwenyewe. "Na siku ya kulirusha nitapanda," akasema. "Tukishuka nitamwambia mwenyewe. Nipe hilo tu, nimwambie mwenyewe." Nikakubali. Tulifanya kazi hiyo siku nyingi, bega kwa bega, mimi kwenye cherehani, yeye akifuata nyuma kwa vidole, na ninaweza kusema kwamba sijawahi kushona kitu vizuri kama kile, kabla wala baada.

Siku ya majaribio tulifika Kisongo kabla jua halijachomoza, kwa maana jua likishapanda ardhi inapata joto na upepo unakuwa mkorofi. Kulikuwa na baridi iliyoshuka kutoka Meru na kuingia mpaka kwenye mifupa. Mlima ulionekana mweusi, umekaa kama mtu aliyejifunika shuka. Feni ilijaza puto, kisha Kapteni akawasha jiko moja la gesi kati ya mawili yaliyofungwa juu ya kikapu, na ulimi wa moto mrefu kuliko mtu ukaingia mdomoni mwa puto kwa mngurumo ambao uliusikia kifuani kabla ya masikioni. Kitambaa kikatikisika, kikajiinua taratibu, na kikapu kilichokuwa kimelala ubavu kikasimama. "Ingieni," akasema Kapteni. Mama Beda alinyanyua kitenge akapanda ukuta wa kikapu kwa matundu ya kukanyagia, rozari imezungushwa kiganjani, midomo ikitembea. Mimi nikafuata. Tulisimama watatu na mitungi ya gesi kwenye pembe.

Niliyasubiri mengi, ila si kile kilichotokea, maana hakikutokea kitu. Hakuna kuruka, hakuna kutikisika. Niliona tu kwamba watu walioshika kikapu wanazidi kuwa wafupi, nikaona juu ya kofia zao, kisha bati la karakana, ambalo sikujua lina kutu kiasi kile. Tumbo halikupanda kooni kama watu wanavyodhani. Na hakuna upepo. Hili ndilo linaloshangaza zaidi: uko juu angani, kanga ya Mama Beda imetulia begani kama yuko chumbani, kwa sababu unakwenda na upepo wenyewe, kwa mwendo wake. Kapteni akizima moto, ukimya unakuwa mzito mpaka unasikia sauti za chini zikipanda zikiwa kamili, moja moja: jogoo, mlango wa bati ukifunguliwa, mwanamke akimwita mtu aamke. Kisha moto unanguruma tena, joto linakuchoma utosini, na miguu inabaki na baridi.

Upepo wa chini, ule unaoteremka mlimani alfajiri, ulitupeleka kusini. Kapteni akapanda zaidi, na juu kule tukakutana na mwingine ukatugeuza kuelekea upande wa Monduli. Jua likatoka. Meru ikapata rangi, kuanzia kileleni ikishuka, na nyuma yake, mbali sana mashariki, Kilimanjaro ilielea juu ya mawingu bila kushikiliwa na kitu. Mama Beda aliacha kusali. "Nyumbani," akasema. Kisha akaanza kuongea, na hakunyamaza. Aliona mama anaanika nguo kwenye ua wa boma. Aliona mbuzi mwenye mguu mmoja mweupe. Aliona watoto wanakimbia kutufuata na mmoja amevaa kiatu upande mmoja. "Ona, Anande, ona, kile kitoto kinachechemea, kimepoteza kiatu!" Nikaangalia. Niliona vumbi, na ndani ya vumbi vitu vyeusi vinatembea. Nikafikiri anaota, anapamba. Nikamtazama Kapteni, naye alikuwa anatabasamu. "Ni kweli," akasema, "kiko kimoja tu."

Nikasimama pale nikiwa nimeshika ukingo wa kikapu. Mtu huyu niliyekuwa namtungia uzi alikuwa anaona kiatu cha mtoto kutoka mawinguni, na mimi, mwenye macho ya kitoto, sikuwa namwona hata mtoto mwenyewe.

Kapteni alichagua mahali pa kutua, uwanda wa nyasi ng'ambo ya migunga, akavuta kamba ya kifuniko kidogo kidogo. Tukashuka. Karibu na ardhi upepo ulikuwa umeshabadilika, ukatuchukua pembeni. Yeye alikuwa amegeukia upande wa gari letu lililokuwa likitufuata kwenye barabara ya vumbi, akizungumza na dereva kwenye redio. Mama Beda ndiye aliyekuwa ameangalia mbele.

"Kapteni, nguzo."

"Wapi?"

"Zile pale, nyuma ya miti. Waya zinakuja hivi mpaka kwenye lile bati jipya."

Hakuuliza mara ya pili. Alifungua moto wote, majiko mawili kwa pamoja. Lakini puto halitii papo hapo. Moto unawaka, hewa inachukua muda wake kupata joto, na wewe unaendelea kushuka kana kwamba hukuomba kitu. Migunga ilikuja. Matawi ya juu yakakwaruza chini ya kikapu. Mama Beda alinishika mkono kwa nguvu, na kile nilichokiwaza, namshukuru Mungu niliweza kukiwaza, ni kwamba kifuniko kule juu kimeshonwa vizuri. Kisha sakafu ikatusukuma nyayoni, tukapanda. Nyaya niliziona zikiwa zimeshapita chini yetu, mistari miwili myembamba, na kunguru amekaa juu yake akituangalia. Labda Kapteni angeziona mwenyewe kwa wakati. Yeye alisema hangeweza kuapa.

Tulitua mbele zaidi. Alituamuru tuchuchumae, migongo kwenye ukuta wa kikapu, tushike kamba za ndani, na kikapu kikagonga chini, kikaruka, kikagonga tena, kikalala ubavu na kutuburuta kwenye nyasi huku tumelaliana kama magunia, Mama Beda akiita watakatifu wote anaowajua. Puto lilipolala, tukatoka kwa kutambaa. Yeye hakungoja hata kujipangusa nyasi. Alisimama mbele ya Kapteni Lemburis akamwambia yote: sindano, mchele, mama yake, mshono uliotoka nje, na kwamba niliyeushona upya ni mimi.

Kapteni alisikiliza mpaka mwisho. Hakupaza sauti. Alikaa juu ya mtungi wa gesi akakitazama kitambaa cha machungwa kinavyoishiwa pumzi kwenye nyasi, na niliona ameumia. "Mama Beda," akasema, "hutagusa cherehani mpaka daktari aseme. Na kila puto ulilolipitia mwaka huu tutalifungua." Mama Beda akaitikia kwa kichwa. Alikuwa ameanza kuondoka kuelekea kwenye gari Kapteni aliposema tena, taratibu kama kawaida yake, "Lakini mtu anayepofuka haoni nguzo ile. Mimi mwenyewe niliiona vizuri tulipokuwa tumeshaifikia. Nenda hospitali, mama. Nenda tu."

Zamu ya kliniki ya macho mjini ilipofika, tulikuwa tumeshafungua maputo yote. Ilibidi kufumua sehemu chache. Hakuna iliyokuwa imeachia. Mama Beda alivaa gauni la kanisani, na muda wote benchini alikaa wima kama anayesubiri hukumu. Daktari alikuwa binti mdogo aliyemwamkia shikamoo kabla ya kumshika kidevu. Alimulika jicho moja, akamulika la pili, akaangalia muda mrefu, akamuuliza habari za mama yake, akaandika. Mwisho akasema ndani macho ni mazima, aje kila mwaka aangaliwe kwa sababu ya mama yake, lakini kinachomsumbua sasa ni umri tu, kama watu wote, na ni miwani ya kusomea anayohitaji. Mama Beda alimtazama. "Umri?" akasema. "Miaka yote hii nalia na Mungu, ni umri?" Daktari akatoa kisanduku, akamvisha fremu nzito ya chuma, akatumbukiza vioo, akabadilisha, akabadilisha tena. Mimi nilikuwa nimesimama mlangoni, nikisubiri zamu yangu, kwa kuwa nami nilikuwa nimejiandikisha.

"Angalia chini, mama," akasema daktari. "Utaniambia."

Akaangalia chini. Mikono yake ilikuwa mapajani. Aliinyanyua, akaigeuza upande huu, akaigeuza upande ule, akaisogeza karibu na uso, karibu kabisa, kama hakuwa anaijua. "Yesu na Maria," akasema kwa sauti ndogo. "Anande, mikono yangu imezeeka lini?" Nilisogea nikapiga magoti karibu yake nikacheka, kisha sikuweza kucheka. Akauchukua mkono wangu pia akaufungua kwenye mwanga. Akatazama ncha za vidole kimoja baada ya kingine, zilivyotobolewatobolewa na sindano mwaka mzima, vidonda vipya juu ya vya zamani. Hakuwahi kuviona. Alivipitishia kidole gumba polepole.

"Na wewe, mwanangu," akasema, "ulikuwa unajichoma hivi, na hukuniambia?"